Nikisema "Jadilini", darasa zima linanitazama mimi

BARUA

Mshauri, salaam.

Nafundisha Historia ya Tanzania na Maadili, Kidato cha Pili, katika sekondari ya kata wilayani Kahama. Nina mikondo miwili. Kila mkondo una wanafunzi 72, wanakaa watatu watatu kwenye madawati marefu. Vipindi vyangu ni vya dakika 40 na havifuatani.

Semina zote tunazopelekwa zinasema jambo moja: mwanafunzi ndiye mwenye somo, tumia majadiliano ya vikundi. Nimetumia. Nilipofika kwenye Vita vya Majimaji nilitengeneza vikundi vinane vya watu tisa tisa, kila kikundi na mwenyekiti wake na katibu wake, nikawapa swali: "Jadili sababu za Vita vya Majimaji." Kuhamisha madawati peke yake kulikula dakika kumi. Kisha katika kila kikundi mmoja alinakili sababu kutoka kitabuni, wawili wakamchungulia, sita waliobaki wakapiga soga za Simba na Yanga. Wakati wa kuwasilisha, kikundi cha kwanza kikataja kodi, pamba, kazi za shuruti na ukatili wa maakida. Cha pili kikataja hivyohivyo. Cha tatu vilevile. Kengele ikalia vikundi vitano havijasimama.

Wiki iliyofuata nikajaribu mjadala wa darasa zima. Wanaonyoosha mikono ni walewale wanne, wavulana watatu na msichana mmoja. Wengine wananitazama tu. Mwanzoni nilidhani ni Kiingereza, maana wenzangu wa Biolojia na Jiografia wanalia hivyo. Lakini somo langu ni la Kiswahili, lugha ambayo haohao wanabishania penalti tangu asubuhi, na bado wako kimya.

Kuna mengine. Mwalimu wa taaluma amesimama dirishani mara mbili kuuliza kama darasa lina mwalimu. Wanafunzi nao wakiona naanza majadiliano wanasema, "Madam, si utupe notsi tu," kwa sababu mwisho wa mwaka wana upimaji wa kitaifa. Nifanyeje? Nikishawajadilisha, alama nazitoaje? Au mambo haya ni ya shule zenye wanafunzi 30?

Madam wa Kidato cha Pili, Kahama

JIBU

Mwalimu, hao 30 nao ukiwapa swali ulilowapa wako 72, watafanya vilevile. Mmoja atanakili na waliobaki watazungumza mpira. Idadi ina matatizo yake na tutayafikia, ila kipindi chako kilikwama kabla hujaingia darasani. Kilikwama pale ulipoandika swali kwenye andalio la somo.

"Jadili sababu za Vita vya Majimaji" ni amri ya mtihani. Maana yake ni: andika insha. Sababu zenyewe ziko kitabuni, zimeshapangwa kwa namba, na hakuna anayezipinga. Mwanafunzi mwenye akili akikutana na swali la namna hiyo hafungui mdomo, anafungua kitabu. Wale sita waliokuwa wakipiga soga walisoma hali vizuri tu: kazi ya mtu mmoja ilikuwa imepewa watu tisa.

Kabla ya kulipeleka swali darasani, lipime hivi. Je, wanafunzi wawili waliosoma kurasa zilezile wanaweza kulijibu tofauti, na kila mmoja akawa na lake la kusimamia? Je, wana ushahidi mkononi wa kunyoosheana kidole, au wataongea kwa hisia tu? Na je, jibu lake linaweza kuanza na sentensi moja ya msimamo, ili mtu ajue yuko upande gani kabla hajaanza kueleza? Swali lako linaanguka katika kipimo cha kwanza. Maswali ya maadili ya aina ya "je, uzalendo ni muhimu?" huanguka hapohapo, kwa kuwa hakuna mtoto atakayesimama mbele ya mwalimu kusema si muhimu.

Kwa mada yako hiyohiyo, jaribu hili:

"Wahehe walipigana na Wajerumani tangu 1891 hadi 1898. Vita vya Majimaji vilipozuka mwaka 1905, hawakujiunga. Wangoni, walioingizwa chini ya Wajerumani mwaka 1897 bila vita kubwa, walijiunga. Ni nini hasa kilicholeta tofauti hiyo?"

Chini yake weka mistari minne ya ushahidi. Mosi, Agosti 1891 Wahehe walikishinda kikosi cha Wajerumani huko Lugalo na kumuua kamanda wake, Emil von Zelewski. Pili, Oktoba 1894 Wajerumani waliiteka Kalenga, makao ya Wahehe, na mtawala wao Mkwawa akaendelea na vita vya kuvizia mpaka alipojiua Julai 1898. Tatu, mashamba ya pamba ya shuruti yaliyoanza mwaka 1902 yaliwabana hasa watu wa wilaya za pwani na jirani zake, na vita vilianza kwa kung'oa pamba huko Nandete, Umatumbi, Julai 1905. Nne, Kinjikitile Ngwale, mganga wa Ngarambe aliyegawa dawa ya maji iliyoaminiwa kugeuza risasi kuwa maji, alinyongwa mwanzoni mwa Agosti 1905, lakini dawa hiyo iliendelea kusafiri na ilifikishwa Ungoni na mjumbe Omari Kinjala.

Tazama linachofanya swali hili kwa sababu zile za kitabuni. Hazijatupwa, sasa zinapimwa. Mwanafunzi atakayesema "pamba" itabidi aeleze Wangoni wameingiaje, wakati pamba haikuwabana kama ilivyowabana Wamatumbi. Atakayesema "kodi" itabidi aeleze kwa nini Wahehe, ambao nao walitozwa, walikaa pembeni. Atakayesema "imani katika maji" itabidi aseme kwa nini imani hiyo ilipenya huku na kushindwa kupenya kule. Kitabu hakimpi jibu la kunakili, ila bila kitabu hana pa kusimama.

Mistari hiyo minne iandike ubaoni wakati wa mapumziko kabla ya kipindi, au ipige chapa kwenye robo ya karatasi ya A4. Dawati moja, robo moja: kwa madawati 24 ni karatasi sita, na mkondo wa pili utatumia zilezile. Bango kitita na kalamu rashasha, ambazo semina hupenda kuzitaja, hazihitajiki hapa. Kikundi kikipewa bango, nguvu yote huishia kwenye mwandiko na kupigia mistari.

Kisha tumia robo saa nyumbani kwa kazi ambayo walimu wengi huiruka, nayo ndiyo inayookoa kipindi: andika majibu ambayo wanafunzi wako watayatoa, yakiwemo ya ovyo, na mbele ya kila jibu andika utakalowauliza. Kwa swali hili utapata takriban haya.

"Wahehe waliogopa." Hili litakuja, tena mapema. Usilikatae. Uliza: mstari wa kwanza unasemaje kuhusu watu hawa? Wataliangusha wenyewe.

"Wahehe walikuwa wamechoka, walishapoteza watu na mtawala." Jibu zuri, lakini halijafika mwisho. Uliza: mbona kuna watu walioshindwa na bado wakainuka tena?

"Wahehe walishaziona bunduki zinavyofanya kazi, wasingeamini kwamba risasi hugeuka maji. Wangoni hawakuwa wamepigana na Mjerumani vita kubwa." Hapa darasa limefika mbali, kwa sababu limeunganisha mstari wa pili na wa nne bila kuambiwa. Uliza: basi Wangoni walijiunga kwa sababu ya dawa tu, au walikuwa na hasira yao wenyewe na dawa ikawapa ujasiri?

"Viongozi wa Wahehe wa wakati ule waliona faida kuwa upande wa Mjerumani." Wachache watafika hapa. Wakifika, waambie ni kweli wapo Wahehe waliopigana upande wa Wajerumani katika vita hivyo, kisha waulize: je, hiyo ni sababu ya kutojiunga, au ni matokeo yake?

Orodha hii ndiyo ramani yako ya wakati wa kuwasilisha. Bila hiyo utasikiliza kila jibu kama jambo jipya, utasema "vizuri, mwingine?", na majibu yatapita bila kugusana.

Sasa madawati. Usihamishe hata moja. Watatu waliokaa pamoja ndio kikundi. Una vikundi 24 tayari kabla hujasema neno. Kikundi cha tisa kwa dakika kumi kinampa kila mtu dakika moja na ushee, tena wakigawana sawa, na hawagawani sawa. Kikundi cha watatu kwa dakika saba kinampa kila mmoja zaidi ya dakika mbili, na hakuna pa kujificha, kwani mmoja akinyamaza wenzake wawili wanamwona. Dawati lenye wawili liache hivyohivyo. Mmoja aliyebaki peke yake mwongeze kwenye dawati la jirani, wawe wanne.

Mwenyekiti, katibu, mtunza muda, msemaji: vyeo hivi katika kikundi cha watatu ni mapambo. Katika vikundi vikubwa ni vibaya zaidi, maana mara nyingi msichana mwenye mwandiko mzuri ndiye katibu wa kudumu na mvulana mwenye sauti ndiye msemaji wa kudumu, kwa hiyo anayeandika hasemi na anayesema hakuandika. Dawa yake ni rahisi: msemaji asijulikane mpaka muda wa kuzungumza uishe. Ndipo useme, "Dawati la tatu dirishani, atasema aliyekaa katikati." Kwa kuwa yeyote kati yao anaweza kuitwa, wote watatu watahakikisha kila mmoja anajua la kusema. Usilitangulize agizo hilo hata siku moja. Ukisema mapema, wawili watapumzika.

Dakika 40 zigawe hivi. Nne za kwanza: wasome swali na ushahidi kimya, nawe ueleze neno gumu kama lipo. Tatu zinazofuata: kila mmoja, peke yake, aandike sentensi moja kwenye daftari, "Nadhani tofauti imetokana na... kwa sababu..." Hakuna kuongea. Dakika hizi tatu huonekana kama za kupoteza, na ndizo ambazo mwalimu mwenye haraka huzikata. Akizikata, yule anayefikiri haraka anasema, wengine wawili wanaitikia "hata mimi," na kikundi kimekwisha kazi ndani ya sekunde 20. Mwenye sentensi yake daftarini ana kitu cha kutetea.

Dakika saba za watatu. Kazi yao iwe na kikomo kinachoonekana: wakubaliane sababu moja yenye uzito kuliko zote na mstari mmoja wa ushahidi, au, wasipokubaliana, waweze kusema wametofautiana wapi. Weka na swali la akiba kwenye kona ya ubao kwa watakaowahi: "Je, Kinjikitile asingenyongwa mapema, vita vingekwenda tofauti?" Kelele za darasani nyingi hutoka kwa waliomaliza.

Wewe katika dakika hizo unatembea na daftari dogo. Hutafika madawati yote 24, usijaribu. Nane hadi kumi yanatosha, na kipindi kijacho cha namna hii anza na safu ulizoziruka. Usifundishe. Simama, sikiliza sentensi mbili tatu, andika "dirishani 3: waoga," "nyuma 2: walishaona bunduki," songa mbele. Wakikuuliza, "Madam, jibu ni lipi?" waulize wao wameshika mstari upi. Ukikaa dawati moja dakika tatu, 23 yaliyobaki yamekuponyoka.

Baada ya hapo dakika 16 za darasa zima, na hapa ndipo penye kazi. Vikundi vyote visiwasilishe. Chagua vinne, visizidi vitano, kutoka kwenye daftari lako, na uvipange wewe: anza na jibu jepesi au lenye kasoro, panda hadi lile linalounganisha mistari miwili. Ukianza na jibu bora, mjadala umekwisha, kwani hakuna atakayesimama baada yake kusema "waliogopa," na wanaoamini hivyo wataondoka nayo moyoni. Kikundi cha pili kikisimama hakisomi cha kwake kwanza. Kwanza kinasema dawati lililotangulia limedai nini, kisha kama wanakubali, na mstari upi umewafanya wakubali au wakatae. Mara ya kwanza hawataweza, kwa sababu hawakuwa wakisikiliza. Usikasirike. Mwambie wa kwanza arudie, tuendelee. Mara ya tatu watakuwa wanasikiliza.

Mambo matatu ya mwalimu huua mjadala hapa, yote yakiwa mazoea yetu mazuri. La kwanza ni haraka. Mary Budd Rowe, mtafiti wa Marekani aliyepima jambo hili miaka ya 1970, aligundua kwamba walimu kwa kawaida husubiri kama sekunde moja tu baada ya swali kabla ya kulijibu wenyewe au kumwita mwingine. Waliposubiri sekunde tatu au zaidi, majibu yalirefuka na wengi zaidi wakajitokeza. Hesabu moja hadi tano kimoyomoyo. Hesabu tena baada ya mwanafunzi kunyamaza. Mara nyingi sehemu ya "kwa sababu" hutoka kwenye kimya hicho cha pili.

La pili ni makofi. "Vizuri sana, mpigieni makofi matatu!" Makofi ni hukumu. Yakipigwa, darasa limetangaziwa kwamba jibu limepatikana, na asiyekubali ameze lake. Katika kipindi cha mjadala acha makofi hadi mwisho. Jibu liwe zuri, liwe baya, liitikie kwa namna moja: "Tumesikia. Nani ana mstari unaoliunga mkono au kulipinga?" Hao wanne wako wenye mikono juu watahangaika wiki ya kwanza wakitafuta usoni mwako kama wamepata. Waache wahangaike.

La tatu ni ile tabia ya kukata neno njiani ili darasa limalizie: "Kinjikitile alikuwa mgan...?" "Gaaa!" Watoto 72 wameitikia na hakuna aliyefikiri. Inafaa kwa kukumbusha. Ukiichanganya na mjadala, wataanza kukutafuta silabi ya mwisho badala ya hoja.

Kuhusu hao wanne, usiwanyamazishe kwa kuwaambia "ninyi mmezidi." Wape kazi nyingine: kila mmoja asikilize, na mwishoni aseme hoja gani ya mwenzake imemsogeza au imemshinda kuijibu. Kisha tangaza kwamba katika dakika 16 hizi hakuna kunyoosha mkono, mwalimu ndiye anayeita. Kuita asiyejitolea ni ukatili kama hajapewa nafasi ya kujiandaa, lakini huyu ameshaandika sentensi na ameshaisema mbele ya wawili. Akikwama, asome alichoandika. Akikwama tena, mwenzake wa dawati amsaidie, kisha arudi yeye mwenyewe kuhitimisha.

Makosa yako ya aina mbili, usiyatendee sawa. Kosa la jambo lililotokea, kama kusema Mkwawa alipigana Vita vya Majimaji, lisahihishe papo hapo kwa sentensi moja (alikufa miaka saba kabla) na usonge. Kosa la hoja, kama "waliogopa," liache liishi mpaka wenzake waliangushe. Walimu wengi hufanya kinyume: hukimbilia kuua hoja dhaifu, na kuacha tarehe mbovu ipite kwa sababu mtoto amejitahidi kuongea.

Swali hili linataja makabila, kwa hiyo utani utaingia. Yuko atakayemgeukia Mhehe wa darasa. Utani ni jambo jema kwetu, ila darasani una kipimo: anayetaniwa akikosa la kurudisha, huo si utani tena. Tangulia kusema mwanzoni kwamba tunazungumzia watu wa 1905, si dawati la mbele kushoto. Atakayezomea jibu la mwenzake, msimamishe atoe sababu ya kupinga, kwa staha, bila kumtoa nje. Na hapa niseme wazi: kama katika shule yenu mtoto huchapwa au huchekwa na mwalimu kwa jibu baya, hakuna mbinu kati ya hizi itakayofanya kazi. Atanyamaza, na atakuwa na haki.

Mwambie pia kiranja wako kwamba siku hiyo hakuna kuandika majina ya wapiga kelele. Huwezi kumwagiza mtoto aongee halafu mwenzake anamwandika kwa kuongea. Weka badala yake ishara moja ya kunyamaza, mkono wako juu na wao wote wakiinua wa kwao, na uifanyie mazoezi mara mbili kabla ya kuanza. Kugonga rula mezani huongeza kelele, na mwisho wake ni kupaza sauti. Watatu wa dawati moja wanaweza kusikilizana kwa sauti ndogo, jambo ambalo kikundi cha tisa hakiwezi. Hapo mwalimu wa taaluma utakuwa umemjibu nusu. Nusu nyingine mjibu mapema: mpelekee andalio lako asubuhi, umwambie dakika ya saba hadi ya 14 itakuwa na sauti, na umkaribishe akae nyuma. Anayekaribishwa ndani hana sababu ya kusimama dirishani.

Dakika sita zinazofuata ni za kuandika, kila mtu peke yake: jibu jipya la sentensi nne hadi tano, na ndani yake aseme kama amebadili msimamo na kwa nini, au hoja gani ya upande wa pili ameikataa na kwa nini. Dakika nne za mwisho ni zako. Andika ubaoni hoja tatu zilizotoka, tarehe sahihi na majina yaliyoandikwa sawasawa. Hizo ndizo notsi walizokuwa wanadai, na wanadai kwa haki. Mwanafunzi akitoka mara mbili bila kitu daftarini atauchukia mjadala wako hata kama ulikuwa mtamu. Insha ikija kwenye upimaji, watakuwa na sababu pamoja na mifano, na aya ya "hata hivyo," ambayo kunakili kitabuni hakumfundishi mtu.

Alama usitoe kwa kuongea. Ukitoa, wanne wako watazizoa na mwenye kigugumizi atapata sifuri kwa kigugumizi chake. Sahihisha yale maandishi ya dakika sita, kwa alama 5: moja kwa msimamo unaoeleweka, mbili kwa ushahidi uliotajwa kwa usahihi, mbili kwa kuijibu hoja ya upande mwingine. Madaftari 144 kwa wiki hayasahihishiki. Sahihisha safu mbili kila mara, bila kutangaza ni zipi.

Usifanye hivi kila kipindi. Mara moja kwa wiki mbili inatosha kuanzia, na kwa mada zenye ubishi wa kweli pekee. Wajerumani walikuwa na vituo gani, maakida walifanya kazi gani, hayo fundisha kwa mdomo wako na kwa ubao, tena haraka. Tegemea mara mbili za kwanza ziwe baridi. Wamekaa miaka saba ya msingi na mmoja wa sekondari wakijua kwamba mwalimu akiuliza tayari ana jibu. Hawataacha kuamini hivyo kwa kipindi kimoja.

Kwa wenzako wa Biolojia na Jiografia: ugawaji huuhuu unafaa, ila watatu wa dawati waruhusiwe kufikiri kwa Kiswahili, na dakika mbili ziongezwe kabla ya kuwasilisha ili watengeneze sentensi yao ya Kiingereza kwa pamoja kutoka kwenye vianzio viwili au vitatu vilivyoandikwa ubaoni. Wakilazimishwa Kiingereza tangu dakika ya kwanza, utakachosikia ni ukimya au kurasa za kitabu zikisomwa. Wa Hisabati naye asikwepe. Aandike ubaoni kwamba mtu mmoja amejumlisha 1/2 na 1/3 akapata 2/5, na aulize: bila kukokotoa, unawezaje kumwonyesha kwamba haiwezekani? Dawati litakalogundua kwamba 2/5 ni ndogo kuliko ile 1/2 aliyoanza nayo limefanya hisabati zaidi ya maswali kumi ya zoezi.

Mwisho, mkondo wako wa pili. Vipindi havifuatani, kwa hiyo wa kwanza watawasimulia wenzao swali na majibu yote kabla ya saa nne. Tumia mistari ileile ya ushahidi lakini ligeuze swali: "Mwanafunzi mmoja ameandika kwamba Vita vya Majimaji vilisababishwa na pamba. Mistari hii inamuunga mkono hadi wapi, na inamwacha wapi?" Watakaokuja na jibu la kuazima watagundua katika dakika ya tatu kwamba halitoshi.